Mvua zimekwisha: pendezesha nyumba ukianzia ukutani na sakafuni

Singida tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Zikishakata na alizeti ikaanza kuuzwa, vijisenti vinaingia na akina mama wengi tunatamani nyumba ipate sura mpya. Tunakimbilia pazia, vitambaa vya makochi na maua ya plastiki. Mimi maua hayo siyapendi, maana upepo wa Juni na Julai ukianza yanakusanya vumbi kuliko zulia.

Kama unaishi kwenye tembe au nyumba ya tofali mbichi, anza na ukuta na sakafu. Mvua huacha ukuta umemomonyoka, na jua likiwaka sakafu ya udongo inapasuka. Nyufa hizo ndiyo makazi ya papasi. Mchana hujificha humo, usiku hutoka kunyonya damu ya waliolala, kisha hurudi. Huleta homa ya papasi, ugonjwa unaofahamika sana kanda hii ya kati. Homa hupanda siku kadhaa, hutulia, halafu hurudi tena. Ni hatari zaidi kwa wajawazito na watoto wadogo. Wengi hudhani ni malaria, na kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuuonyesha. Mtoto akipata homa ya kwenda na kurudi, mpeleke kituo cha afya na umweleze mganga kuwa mnalala kwenye nyumba ya udongo, ili damu yake iangaliwe kwa hadubini. Dawa zake zipo.

Sasa kazi yenyewe. Toa vitu vyote nje, anika magodoro juani, fagia hadi kwenye pembe. Kwangua sehemu zilizolegea, lowanisha ufa kidogo, kisha ziba kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Paka kipande kidogo kwanza na ukiache hadi kesho. Kikipasuka, ongeza mchanga. Wengine hutia kinyesi cha ng'ombe, lakini mwenye mtoto anayetambaa ni bora atumie majani.

Chokaa isubiri ukuta ukauke kabisa, la sivyo itabanduka. Ichanganye na maji kwenye ndoo, tia konzi ya chumvi ili ishike, chuja kwa kitambaa. Nyunyizia ukuta maji, paka nyembamba, acha ikauke, rudia. Ikiwa mbichi haionekani nyeupe, kwa hiyo usiogope wala usiipake nene. Watoto wakae mbali, maana inachoma macho na ngozi. Chumba kilichopakwa chokaa hupata mwanga hata dirisha likiwa dogo, na mdudu akipita unamwona.

Uliyepanga chumba mjini usipake kitu bila kumuuliza mwenye nyumba. Kwako wewe, kuhamisha kabati na kochi kunatosha kubadilisha sura. Kitenge ambacho hukivai kinatosha foronya mbili za mito, na mbele ya mlango weka kipande cha gunia kilichokunjwa na kushonwa, kipunguze vumbi.

Pazia nalo chagua zito kidogo kwa ajili ya baridi ya miezi hii, lenye rangi isiyoonyesha vumbi, na la kufulika kwa mkono. Vibuyu na vikapu vilivyolala stoo vipanguse uvitundike ukutani. Havikugharimu kitu, na watoto watauliza bibi alivitumia kwa nini.

Kitanda kiingie mwisho. Kisiguse ukuta, acha nafasi ya kupitisha ufagio, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote.