Taamuli ya Kibuddha na Mtu wa Lubaga

Kilima cha Lubaga, jijini Kampala, kimezoea ibada tangu zamani: hapo palikuwa na kasri ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, na hapo ndipo Kabaka Mwanga alipowapa Mapadri Weupe ardhi mwaka 1889, hata likasimama kanisa kuu la matofali lililokamilika mwaka 1925. Kwa mtu aliyelelewa baina ya kengele za kanisa hilo na adhana za misikiti ya jirani, taamuli ya Kibuddha yaweza kuonekana jambo la Bara Hindi na Uchina, lisilomhusu ndewe wala sikio.

Walakini mlango wake hauko mbali. Atokaye Lubaga kwa njia ya Busega, akashika barabara ya kasi iliyofunguliwa mwaka 2018 kuelekea Entebbe, hukaribia Garuga, kando ya Ziwa Victoria, ambako mwaka 2005 mtawa Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyezaliwa Kampala akiitwa Steven Kaboggoza, aliasisi Kituo cha Kibuddha cha Uganda. Alikwenda India mwaka 1990 kusoma biashara. Huko akasuhubiana na watawa vijana wa Thailand, na taamuli waliyomwonjesha ikamfikisha hatimaye California, alikopewa daraja la utawa mwaka 2002. Aliporejea nyumbani, kichwa kimenyolewa na bakuli la sadaka mkononi, wako waliodhani bakuli lile ni ngoma, na wengine wakahofu kuwa ni bomu.

Na mafundisho yenyewe ni yapi? Mwanafunzi huketi mgongo ukiwa wima bila kukakamaa, mikono mapajani, macho ameyafumba, kisha huiweka fikira yake mahali padogo sana, puani, pale pumzi inapogusa ikiingia na kutoka. Haivuti wala haizuii. Huijua tu kwamba hii ni ndefu, hii ni fupi. Hazipiti pumzi nyingi kabla moyo haujakimbilia karo ya watoto, deni la dukani, au tusi la juzi. Naye, bila kujilaumu, hutambua kuwa umekimbia, akaurudisha. Wengi hudhani muradi ni kuufuta moyo usiwaze lolote, na wakishindwa huacha, ilhali kule kutambua na kurudisha ndiko kazi yenyewe, na aliyeurudisha mara mia amefanya zoezi mara mia.

Faida yake hudhihirika mbali na mkeka. Jioni, taksi zinapobanana Ndeeba na Nateete, bodaboda zikipenya kila upenyo na simu ikitetemeka mfukoni, ghadhabu huanza mwilini kabla haijafika ulimini: taya hukaza, kifua huwaka, pumzi hukatika. Aliyezoea kuiangalia pumzi yake huyaona hayo yakizuka, na baina ya hasira na tusi hupata wasaa, mdogo lakini wa kutosha, wa kuchagua atakalosema.

Watu wa tiba nao wamelitambua jambo hili. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, aliyavua mazoezi haya vazi la dini, akaunda mafunzo ya majuma 8 kwa wagonjwa wa maumivu sugu na msongo wa mawazo. Na tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa huwafaa watu kiasi katika wasiwasi na huzuni. Nasema kiasi kwa makusudi, maana aliyezama katika majonzi mazito astahili daktari kwanza. Linalonihuzunisha zaidi ni taamuli kuuzwa kama dawa ya kumfanya mfanyakazi astahimili kuonewa, ilhali Buddha aliitangulizia maadili: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutotumia vileo. Mkatoliki asaliye rozari na Mwislamu avutaye uradi hawatayaona mageni hayo, wala hawalazimiki kuiacha imani yao ili waketi na kuiangalia pumzi.

Fauka ya pumzi, Garuga hufundishwa pia metta, yaani kuwatakia viumbe heri: mtu huanza na nafsi yake, kisha ampendaye, kisha asiyemjua, mathalan kondakta wa taksi, na mwisho yule aliyemdhulumu. Daraja hili la nne ndilo gumu kupita yote. Anayeanza asilikimbilie, amchague kwanza aliyemkera kidogo, pengine jirani wa redio ya usiku kucha, na yule mwenye deni kubwa la dhuluma amwache hadi moyo upate nguvu.