Mizani, Vina na Umbo: Uchambuzi wa Ubeti Kuhusu Mwezi

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alieleza kanuni za arudhi katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi. Vina na mizani vingali vigezo vya kwanza vya kuchambua shairi la kimapokeo. Chunguza ubeti huu, uliotungwa kwa ajili ya somo hili:

Mwezi juu ya Kigali, umetoka mlimani,
Wamulika mji mbali, wafika hata bondeni,
Hauchagui mahali, tajiri na masikini,
Mwezi taa ya halali, hauna bei sokoni.

Umbo: Ubeti una mishororo minne, kwa hiyo ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao.

Mizani: Kila kipande kina mizani 8, mshororo 16, ubeti mzima 64. Huhesabiwa silabi zinazotamkwa, si herufi. Mwanafunzi azoeaye Kinyarwanda huweza kuteleza hapa. Neno umuntu lina irabu u baada ya m; katika mtu irabu hiyo imedondoka, lakini silabi imebaki: m-tu. Ndivyo ilivyo katika m-ji na m-li-ma-ni. Kinyume chake, m haisimami peke yake katika mwe-zi wala mba-li. Irabu mbili zinazofuatana huhesabiwa mbili: ju-u, ta-a. Mtunzi ametumia masikini badala ya maskini ili kutimiza mizani. Mbinu hiyo ya kurefusha neno huitwa mazida.

Vina: Kina cha kati ni -li, cha mwisho ni -ni. Kina ni silabi nzima, si irabu ya mwisho pekee. Zingatia pia sarufi: katika mlimani, bondeni na sokoni, -ni ni kiambishi cha mahali, katika masikini ni sehemu ya neno lenyewe. Sikio husikia kina kimoja, ilhali sarufi huona miundo miwili. Usimruhusu mwanafunzi aseme kwamba kila -ni ya mwisho huonyesha mahali.

Tahadhari: Ubeti mmoja hautoshi kuthibitisha kwamba shairi ni mtiririko, wala kwamba mshororo wa mwisho ni kibwagizo. Lazima beti nyingine zionyeshe vina vilevile, au mshororo huo urudiwe.

Zoezi: Tunga ubeti wa pili wenye vina hivyohivyo. Gawa kila kipande katika silabi, kisha eleza dhima ya kila -ni uliyoitumia.