Plastiki Iliyoganda kwenye Bomba la Pikipiki

Jumamosi moja ya Septemba nilitoka zamu ya usiku nikamkuta mwanangu wa miaka 15 amechuchumaa nyuma ya jengo letu hapa Stockholm, kisu changu cha jikoni mkononi. Alikuwa anakwangua bomba la moshi la pikipiki yake, zile ndogo ambazo Uswidi inawaruhusu vijana wa umri huo kuendesha wakiwa na leseni, mwendo usiozidi kilomita 45 kwa saa. Kwenye bomba kulikuwa na utando mweusi uliong'ang'ania kama ukoko wa sukari iliyoungua sufuriani.

"Suruali ya mvua imeyeyuka, mama," akasema bila kuinua uso.

Usingizi ulikuwa umenielemea, lakini nikamnyang'anya kisu. Bomba la kromu likikwaruzwa kwa kisu au brashi ya chuma, alama haitoki, na kutu huanzia hapo hapo. Akauliza kama tuichome kwa moto ili iishe. Nikakataa. Nguo nyingi za mvua zina PVC, na PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaowasha macho na kuumiza mapafu.

Tulichofanya ni hiki. Tuliwasha injini dakika chache pale pale nje, kisha tukaizima. Usiiwashe kamwe ndani ya gereji au stoo iliyofungwa, maana kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inaua. Plastiki ilipolainika, alivaa glovu nene za ngozi na kuisukuma taratibu kwa mwiko wa zamani wa mbao. Vipande vikaanza kubanduka.

Mabaki yaliyosalia tuliyaacha mpaka bomba likapoa kabisa. Nikakoroga bikaboneti, ile tunayotia kwenye mandazi, kwa maji kidogo hadi ikawa uji mzito, tukaipaka na kuiacha nusu saa. Kisha tukasugua kwa kitambaa chenye maji. Tulirudia mara tatu.

Wengine hukimbilia asetoni. Husaidia kwa baadhi ya plastiki, lakini nailoni na poliesta haiziyeyushi, na huharibu rangi ya bomba lililopakwa. Zaidi ya hayo, mvuke wake hushika moto upesi, kwa hiyo usiisogeze karibu na bomba lenye joto. Dawa za kusafishia oveni nazo mara nyingi zina magadi makali yanayokula alumini na kuunguza ngozi.

Katikati ya kazi hiyo nikaokota kipande kimoja kilichobanduka. Upande wa ndani kilikuwa cha zambarau. Suruali ya mvua ya mwanangu ni nyeusi. Ya zambarau ni ya mdogo wake.

Nikapanda ngazi mbio. Binti yangu wa miaka 12 alikuwa kitandani, shavu la mguu wa kulia limepakwa dawa ya meno, nyeupe na imekauka. Kaka yake alimpakia jana jioni bila ruhusa yangu, na wakati wa kushuka mguu ukagusa bomba.

"Kwa nini hamkunipigia?"

"Ulikuwa kazini, mama. Tulimpigia Bibi Tanga. Akasema tupake dawa ya meno."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Nilipokuwa muuguzi wa stashahada nyumbani, nilisafisha miguu mingi ya abiria wa bodaboda, mingi upande ule ule wa kulia lilipo bomba, na karibu kila mmoja ulikuja na dawa ya meno, mafuta ya kupikia au unga. Sikufikiri ningeukuta mwingine chumbani kwangu, Stockholm.

Jeraha la moto linahitaji maji ya bomba ya baridi ya kawaida, yasiyo ya barafu, yakitiririka kwa dakika 20. Yanasaidia hata kama saa mbili tatu zimepita, lakini mapema ni bora. Vua pete au kikuku kabla ya uvimbe. Nguo iliyoyeyuka na kushikana na ngozi usiivute. Usitoboe lengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisichoshika kidonda. Likiwa kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa, au liko usoni, mkononi, kwenye kiungo au sehemu za siri, nenda hospitali. Hapa Uswidi namba 1177 hutoa ushauri wa afya usiku na mchana. Kwa dharura ni 112.

Kwa binti yangu muda wa maji ulikuwa umepita. Niliosha ile dawa polepole huku akilia, nikafunga kidonda, kisha nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Mjukuu wako anaendelea vizuri. Ila dawa ya meno tusipake tena."

"Marahaba mwanangu. Mbona sisi ndivyo tulivyofanya siku zote?"

"Ndiyo, mama. Na kovu la mguuni mwako bado lipo."

Akanyamaza kidogo. "Kweli lipo," akasema. "Basi nifundishe hayo maji, niwaambie na huku."

Jioni niliandika namba ya wodi yangu na ile ya 1177, nikabandika kwenye friji. Nikawaambia wanangu: nikiwa kazini, nipigieni, nikiwa nimelala, niamsheni. Kwenye bomba kumebaki doa dogo. Mwanangu alitaka kuendelea kusugua, nikamwambia aliache.