Watu wa Nyuma Wasikie Maneno

Katika soko la Tsoka, Lilongwe, spika hujaribiwa kwa besi. Muuzaji anachomeka simu yake, anafungulia wimbo wenye kishindo, kibanda kinatetemeka, na mnunuzi anaanza kuhesabu pesa. Hapo ndipo bendi nyingi za kambi ya wakimbizi ya Dzaleka huacha akiba ya mwaka mzima, halafu Jumapili waumini wa viti vya nyuma wanaulizana mwimbaji kasema nini.

Fundi mitambo ninayeandamana naye hufanya vingine. Huja na maiki yake ameiviringisha kwenye soksi, pamoja na kebo ya mita tano. Anaomba simu izimwe, anachomeka maiki, kisha anasoma tangazo la kawaida kabisa: kikao cha akina mama, kesho saa tatu, kila mtu aje na shilingi yake ya sabuni. Hapa Malawi pesa ni kwacha, lakini yeye anaitaka hiyo “shilingi ya sabuni” kwa sababu ina sh na s karibu karibu. Mimi husimama nje, hatua kumi na tano, katikati ya kelele za wauza mitumba. Kama sh na s zimegeuka kitu kimoja, spika hiyo haitufai, hata iwe kubwa kama kabati.

Ikipita hapo, anaweka vidole vinne juu ya koni na kuisukuma taratibu, huku ameinamisha sikio. Koni nzima huingia na kutoka kimya. Ikikwaruza, koili ya ndani imepinda au imeungua. Kisha ananusa tundu la mbele, maana koili iliyoungua haifichi harufu yake. Mwisho anaomba spika iachwe ikipiga nusu saa, aguse bamba la nyuma. Wauzaji wengine hukasirika. Wengine sasa wanamjua, wanamvutia kiti.

Tunazungumzia spika zenye ampi ndani yake, ambazo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Mackie walipotoa SRM450 yao, zimezipunguzia bendi ndogo mzigo mkubwa. Zamani ulihitaji spika, ampi nzito ya pembeni, na mtu anayejua ipi inaendana na ipi. Sasa spika ya inchi 12 ina uzito wa kilo kama 15 hadi 20, inaingia kwenye minibasi, na ukishuka unaifunga kwenye kabaza, teksi ya baiskeli, hadi nyumbani. Kwa mtu wa Dzaleka hilo si jambo dogo. Kambi iko kilomita zaidi ya 40 kutoka Lilongwe, na nauli ya mzigo inajadiliwa kila mara upya.

Ila ampi kuwa ndani kumeleta ujanja wake. Kwenye kasha pameandikwa wati 2000. Hizo ni wati za kilele, za kufumba na kufumbua. Zile ambazo spika inaweza kuzitoa mfululizo mara nyingi ni robo yake, na kwa mali bandia ni chini zaidi. Hata zingekuwa za kweli, ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Ili watu waseme sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo fundi wangu husoma kwanza kiwango cha juu cha desibeli, kisha pembe ambayo honi ya spika inasambaza sauti.

Halafu anapiga hesabu ya uwanja. Nje, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Chukua spika ya desibeli 126 kwa mita moja. Mita 2 ni 120, mita 4 ni 114, mita 8 ni 108, mita 16 ni 102, mita 32 ni 96. Na hicho ni kilele; muziki wenyewe kwa wastani uko chini ya hapo kwa desibeli 10 au zaidi. Mita 32 ndipo wanaposimama wauza mandazi, watoto, na vijana wanaopiga soga. Aliye mbele anaziba masikio, aliye nyuma anaona midomo inachezacheza.

Dawa yake kwanza ni kimo. Honi ipite juu ya vichwa vya mstari wa mbele, mita mbili na zaidi, ikielekezwa kwa watu wa kati na wa nyuma. Nimeona spika nzuri zimewekwa juu ya kreti za soda. Mistari miwili ya kwanza ilikunywa sauti yote. Uwanja ukiwa mrefu, ni afadhali jozi ya pili ndogo katikati kuliko jozi moja kubwa mbele. Lakini jozi hiyo lazima icheleweshwe. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde, hivyo spika zilizo mita 34 kutoka jukwaani zinasubiri sehemu moja ya kumi ya sekunde, vinginevyo kila neno linasikika mara mbili.

Spika pia zikae mbele ya maiki zote. Zikirudi nyuma kidogo tu, maiki inasikia sauti yake yenyewe na mluzi unaanza. Monita ya mwimbaji iwekwe upande wa mkia wa maiki, ambako maiki nyingi za jukwaani hazisikii vizuri, na mwimbaji asiifumbate kichwa kwa kiganja, maana hapo inaanza kusikia pande zote. Maiki isiyotumika ifungwe. Kila ukizidisha maiki zilizo wazi mara mbili, unapoteza desibeli 3 kabla mluzi haujaingia.

Kazi ngumu kuliko zote ni magitaa. Bendi za Kikongo zinapenda solo, mi-solo na rithimu zipande pamoja sebene inapoanza, na zote tatu zinakaa mle mle inamokaa sauti ya mtu. Fundi wangu hashindani nazo kwa kupandisha maiki. Huenda kwa mpiga solo mzee na kumwambia taratibu, “Papa, tushushe kidogo ampi hapa jukwaani, ndipo solo yako itafika nyuma.” Nimemwona akirudi mara tatu kwa mtu yuleyule, kwa heshima ileile.

Kisha kuna umeme. Dhoruba ya Ana, Januari 2022, iliharibu kituo cha umeme cha Kapichira na kuiondolea Malawi karibu megawati 130, na tangu zamani kukatika kwa umeme ni sehemu ya ratiba yetu. Jenereta ikae mbali, taa ziwe na waya wake, muziki uwe na wake. Mikisa na spika zote zipate umeme kutoka chanzo kimoja ili zisivume. Zikivuma, usikate mguu wa ethi kwenye plagi. Mguu huo ndio unaomkinga mwimbaji aliyeshika maiki ya chuma kwa jasho. Kuwasha, mikisa huanza na spika humalizia. Kuzima, spika kwanza.

Kwa nini kuhangaika hivi? Dzaleka ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza enzi za Kamuzu Banda. Ilipangiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamepita 50,000. Mwaka 2014 mshairi Mkongo Menes la Plume alianzisha hapa Tamasha la Tumaini, na tangu hapo watu wa Lilongwe wanakuja kambini kwa hiari yao, kusikiliza. Jukwaani mtu anaimba kwa Kiswahili, anasalimu kwa Kichewa, anasimulia kwa Kinyarwanda. Amebeba jambo la kusema, na mara nyingi kalibeba kutoka mbali. Likigeuka kelele njiani, nahesabu kuwa tumemnyima.

Jioni moja, katikati ya onyesho, fundi aliniachia mikisa akatembea hadi nyuma kabisa, kwa mama mmoja aliyekuwa akigeuza mandazi kwenye mafuta.

“Mama, amesema nini huyo?”

“Anamtafuta dada yake,” mama alijibu bila kuinua macho. “Walipotezana njiani, yeye kashika mtoto, dada kashika maji. Sogea basi, unanizibia.”

Fundi akarudi, akakaa kwenye kiti chake, na hakugusa kitu mpaka wimbo ukaisha.