Kibaka sugu: tumrudishe jela au tumfanyeje?

Wadau, mtaani kwetu kuna dogo mmoja, jina nalihifadhi. Alifungwa miezi sita kwa wizi wa simu. Katoka, wiki mbili tu kadakwa tena na betri ya gari la mtu. Safari hii tairi lilishaletwa. Pona yake ni mzee mmoja aliyesimama katikati, na mwenye betri akasamehe. Mimi nilikuwa upande wa waliokuwa wanapiga kelele "afungwe tena huyo!"

Nilipotulia nikajiuliza, ile miezi sita ilimfundisha nini? Kule kalala na majambazi wazoefu. Huku nje kibarua chake cha kuosha magari kachukua mwingine, na chumba kapangishwa mtu. Sasa tulitegemea nini?

Wengi hatujui kwamba Tanzania kuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Kenya walipitisha ya kwao 1998. Iko hivi: kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, hakimu anaweza kuamuru mkosaji afanye kazi za umma bila malipo, kama kufanya usafi hospitalini au shuleni. Kabla ya hapo afisa probesheni anamchunguza: anaishi wapi, na nani, ana rekodi gani. Usiku analala kwake. Akitega, anarudishwa mahakamani na anaweza kufungwa. Kwa hiyo si kuachiwa huru jamani, ni adhabu.

Ila tusidanganyane, kwa mzoefu fagio peke yake halitoshi. Lazima uangalie kinachomsukuma. Kama ni unga, anahitaji tiba. Muhimbili ilianza kutoa methadone mwaka 2011. Kama ni njaa, anahitaji kibarua. Na afisa mmoja hawezi kuwa kila kona, ndiyo maana anahitaji mjumbe, ndugu na sisi majirani. Tukiendelea kumwita "mwizi" hadi mbele ya watoto, atakula wapi kama si kwenye wizi?

Yule mzee kamtafutia dogo kazi ya kuosha pikipiki. Juzi nikampa yangu. Sikatai, nilikaa pembeni namchungulia muda wote! Kamaliza, kanirudishia funguo na chenji yangu.

Sijui ya kesho. Ila wewe mdau, wa mtaani kwenu ungempa funguo?