Mavuno Hayaishii Shambani

Neno la kusoma: Mwanzo 41:46–57, Walawi 19:9–10



Mahindi tuliyopanda Septemba sasa yanavunwa, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini mwaka jana, siku ya malimbuko, baba mmoja alileta gunia lake kanisani. Tulipolifungua ili tuwagawie wajane, tulikuta punje zenye ukungu wa kijani. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia, “Mchungaji, tuyaoshe tu, njaa haichagui.” Nilisita, maana wale mama walikuwa wakingoja nje na vikapu vyao.

Wapendwa, ukungu wa namna ile unaweza kuleta sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho. Kuosha hakuiondoi, kusaga hakuiondoi, na moto wa jikoni hauimalizi. Mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi, ini lake linaharibika. Akiila nyingi, anaweza kufa upesi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Kwetu, tumbo likivimba na macho yakawa ya manjano, wengine huanza kumtafuta mchawi, na mara nyingi bibi kizee ndiye anayeshutumiwa. Mpelekeni mgonjwa hospitali, kisha chunguzeni gunia.

Yosefu alikusanya nafaka miaka 7, nayo ikalisha watu wakati wa njaa. Biblia haituelezi jinsi alivyoikausha, lakini nafaka yenye maji haiwezi kukaa muda huo. Kwa hiyo, baada ya kuvuna, kazi bado ipo:

1. Anika juu ya shitingi au mkeka, si juu ya udongo. Mawingu yakikusanyika, na kila jioni, funika au ingiza ndani.

2. Pima kwa chumvi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa vizuri, kisha acha itulie dakika 15. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani.

3. Chambua. Ondoa punje zenye ukungu, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Usiwape kuku wala ng'ombe: sumu inawadhuru pia, na hupita katika maziwa.

4. Panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pasipovuja.

Gunia lile tulilizika. Tuligawa yale mengine, na kila mjane akapata kidogo kuliko alivyotumaini. Yule baba hatukumwaibisha. Hakuwa na shitingi, naye alianika juu ya udongo wenye maji. Baadaye vijana wa kanisa walimsaidia kuchambua mahindi aliyokuwa akiwalisha watoto wake.

Katika Walawi, mwenye shamba aliamriwa kuwaachia maskini pembe za shamba lake. Shamba lilikuwa lile lile, na nafaka ile ile aliyokula yeye. Basi, kabla hujaleta malimbuko, jiulize: Je, haya ningewapikia watoto wangu?

Juma hili, mwenye shitingi amwazime jirani asiye nayo.

Tuombe: Ee Bwana, umetupa mavuno. Utupe na bidii ya kuyatunza, na moyo wa kumpa maskini chakula chema. Katika jina la Yesu, amina.