Ukoko wa Bokoboko Katika Chungu cha Umeme

Bokoboko hulipenda watu wote, ila kuosha chungu chake ni kazi ikimbiwayo. Ngano na nyama zikiisha kuiva kwa saa nyingi katika chungu cha umeme, huacha ukoko mgumu, na kuusugua huangukia binti au msaidizi wa nyumbani.

Tusimkabidhi waya wa kusugulia, kwani huichubua kauri, na palipochubuka chakula hung'ang'ania zaidi. Wala tusitie maji baridi chungu kingali moto, kisije kikapasuka.

Njia ni hii. Chungu kikisha kupoa, tukijaze maji ya vuguvugu hadi yaufunike ukoko, tutie vijiko vikubwa 3 vya soda ya kuokea, tufunike, kisha tuwashe moto mdogo kwa saa 2 hadi 4. Tuzime, tuchomoe waya, tuache kipoe, ndipo tupanguse kwa sifongo. Siki tusiichanganye na soda, kwani hubatilishana nguvu. Tuiweke kwa madoa meupe yaachwayo na maji ya kisima.

La kuhofiwa zaidi ni kile kitako cha nje chenye umeme. Hicho hakitoswi majini kamwe. Hupanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa, waya ukiwa umechomolewa. Ukoko ukibaki haudhuru, bali umeme huua. Basi amwagizaye mwenziwe kukiosha na amweleze hilo kabla hajagusa maji, kwani usalama wa aoshaye ni amana mikononi mwetu.